Kufuli za spea za iPhone: kubadilisha betri, kioo na kamera bila simu kugoma

Ukibadilisha betri ya iPhone XR au toleo lolote lililofuata, kuna uwezekano mkubwa simu ikakuambia haiitambui, hata kama betri ni mpya na inakaa na chaji vizuri. Hata ukiitoa kwenye iPhone nyingine ya aina hiyo hiyo, jibu linaweza kuwa lile lile. Hapo ndipo mteja anaporudi Makumbusho au Kariakoo jijini Dar es Salaam amekunja uso akidai kawekewa feki, na fundi asiyejua sababu anabaki kuapa. Maelekezo haya ni ya fundi anayeanza, lakini mwenye simu aliyesimama kaunta naye atajua cha kuuliza.

Betri ya iPhone ina sehemu mbili: seli yenyewe, na ubao mdogo ulioungwa juu yake ambao mafundi wanauita BMS. Kwenye ubao huo kuna chipu inayohesabu mizunguko ya chaji na kupima joto na uwezo wa seli. Tangu XR na XS za mwaka 2018, simu inaitumia chipu hiyo hiyo kuitambua betri. Isipolingana na ile ambayo madabodi (bodi kuu ya simu) inaifahamu, ujumbe unatokea na asilimia ya afya ya betri inafichwa. Umeme unaendelea kuingia na kutoka kama kawaida. Kwa hiyo tenganisha mambo mawili kichwani: kuna kufuli inayoleta ujumbe tu, na kuna kufuli inayoua kazi. Ya kwanza ni kero. Ya pili ndiyo inayoweza kukulipisha simu ya mtu.

Nini kimefungwa, kwenye simu ipi

Kitufe cha alama ya kidole kimefungwa kwenye madabodi kuanzia iPhone 5s. Kwenye 5s hadi 6s ukiweka kitufe kingine kitabonyea, ila kidole hakitasoma. Kwenye 7, 8 na SE ya pili, kitufe cha simu nyingine hakifanyi kazi hata ya kubonyeza. Mwaka 2016 simu nyingi zilizobadilishwa kitufe zilizimika kabisa na kuonyesha kosa namba 53 baada ya kusasishwa, hadi Apple ilipotoa marekebisho ya iOS 9.2.1 (iOS ni mfumo endeshi wa iPhone).

Face ID, ile ya kufungua simu kwa uso, imefungwa tangu iPhone X. True Tone, ile inayorekebisha rangi ya kioo kulingana na mwanga wa mahali, inapotea ukibadilisha kioo kuanzia iPhone 8. Ujumbe wa kioo ulianza na iPhone 11, na wa kamera na iPhone 12. iPhone 13 ilipotoka mwaka 2021, kubadilisha kioo kulizima Face ID kabisa, iOS 15.2 ikaondoa tatizo hilo. Ukikutana na 13 ya mtumba yenye iOS ya zamani iliyopoteza Face ID baada ya kubadilishwa kioo, isasishe kwanza kabla hujaanza kuifungua.

Kabla ya kugusa skrubu

Kagua mbele ya mwenye simu. Ingia Settings, General, kisha About. Kuanzia iOS 15.2 kuna sehemu ya Parts and Service History, ambayo kwa kawaida huonekana tu kama kuna kitu kilishabadilishwa. Ukikuta Unknown Part kabla hujaanza kazi, mwonyeshe mteja na upige picha, la sivyo kesho itakuwa ya kwako. Jaribu Face ID. Shikilia alama ya mwanga kwenye Control Center uone kama True Tone ipo. Jaribu kamera zote, spika ya juu, na uone kama kioo kinazimika unapoziba sehemu ya sikio wakati wa simu. Simu isiyowaka iandikie kwenye risiti kwamba haikuweza kukaguliwa.

Betri: njia tatu

Njia ya kwanza ni kuweka betri nzuri na kuukubali ujumbe. Kwa simu nyingi hii ndiyo njia ya akili. Ujumbe hukaa mbele siku za mwanzo, kisha unarudi nyuma hadi kwenye About. Simu haipunguzwi kasi kwa sababu yake. Unachokosa ni asilimia ya afya, na kuanzia iOS 18 hata hiyo simu nyingine zinaionyesha kwa betri isiyothibitishwa, pamoja na onyo lake. Mwambie mteja kabla ya kupokea hela.

Njia ya pili ni kuhamisha BMS ya zamani kwenye seli mpya. Unahitaji seli ya modeli hiyo hiyo isiyo na ubao, mashine ndogo ya kuchomelea nikeli, tepu ya kapton isiyopitisha umeme, na programa, yaani kifaa cha kusoma na kuandika data za betri. Za JC na QianLi ndizo zinazotumika sana. Kata masikio ya nikeli, yaani vibamba vinavyounga seli na ubao, moja baada ya jingine. Ukiyakata yote mawili kwa mkasi mmoja kwa mara moja umeunganisha chanya na hasi, na seli ya lithiamu haikupi nafasi ya kujirekebisha. Ziba sikio la kwanza kwa tepu kabla ya kukata la pili. Chomelea kwa mashine, usitumie pasi ya risasi moja kwa moja kwenye masikio ya seli, maana joto linapita hadi ndani. Pima: seli nzima inasoma kuanzia volti 3.7, na ikijaa inaweza kupita 4.3.

Hapo ujumbe hautatokea, lakini chipu bado inakumbuka betri iliyokufa. Simu itaonyesha asilimia 76 za zamani na neno Service ingawa seli ni mpya. Ndiyo maana programa inahitajika: inaandika upya uwezo na mizunguko. Matoleo mengi mapya yanahitaji pia fleksi (utepe mwembamba wa nyaya) ndogo inayopachikwa kati ya betri na madabodi, ambayo wauzaji wanaiita tag-on. Bila shaka umeshaona tatizo: programa hiyo hiyo inaweza kuandika asilimia 100 kwenye betri iliyochoka bila kubadilisha chochote. Anayenunua iPhone ya mtumba mtaa wa Aggrey, Kariakoo, asiiamini asilimia peke yake. iPhone 11 ya mwaka 2019 yenye afya 100 na ujumbe safi, halafu chaji inashuka kutoka 40 hadi 15 ghafla, imeandikwa.

Njia ya tatu ni ya iPhone 12 na kuendelea zenye iOS 18. Ukiweka betri, kioo au kamera halisi iliyotoka kwenye simu nyingine, ingia tena Parts and Service History. Simu ikiitambua spea itakupa nafasi ya kumalizia matengenezo. Hakikisha kuna intaneti na chaji ya kutosha, bonyeza, simu itajizima na kuwaka, na spea itaandikwa Used badala ya Unknown Part. Kuna sharti moja linalowanyima usingizi wauza spea: kama simu iliyotoa spea ilikuwa imefungwa kwa iCloud (akaunti ya Apple ya mwenyewe) au imeripotiwa kupotea, spea hiyo nayo haitakamilishwa mpaka mwenyewe aifungue kwa akaunti yake. Kioo kizuri cha bei ya kutupa kutoka kwenye simu iliyofungwa kinaweza kubaki Unknown Part siku zote. Unaponunua simu mbovu kwa ajili ya spea, iwashe kwanza uone kama ina akaunti ya mtu, piga *#06# upate IMEI (namba ya utambulisho wa simu), kisha itume kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, uone kama modeli inayorudi ndiyo iliyo mkononi mwako.

Kufungua bila kuharibu

Teremsha chaji chini ya asilimia 25 kabla ya kufungua. Betri iliyojaa ikitobolewa huwaka vibaya zaidi. Zima simu, toa skrubu mbili za chini kwa bisibisi ya P2 yenye pembe tano. Pasha kingo kwenye sahani ya joto la nyuzi 80 kwa dakika chache, inua kwa kikombe cha kunyonya, pitisha plastiki nyembamba, usiingize chuma. XR hadi 13 kioo kinafunguka kwa upande kama kitabu. iPhone 14, 15 na 16 zisizo Pro hufunguliwa kwa nyuma ili kuifikia betri.

Ndani utahitaji bisibisi ya Y000 na ile ndogo ya msalaba ya PH000. Kiunganishi cha betri ndicho cha kwanza kuchomolewa, kabla ya kioo. Ukichomoa kioo umeme ukiwepo unaweza kuua mwanga wa kioo. Panga skrubu kwenye karatasi kwa nafasi zake. Tofauti ya sehemu ya milimita inatosha: skrubu ndefu ikirudishwa kwenye tundu la fupi inatoboa tabaka za madabodi, na simu haiwaki tena.

Gundi ya betri ni mikanda inayovutika. Ivute polepole ikiwa imelala karibu na betri, si kuelekea juu. Ikikatika, dondoshea alkoholi ya isopropili pembeni, subiri dakika moja au mbili, kisha pitisha mshipi wa kuvulia samaki chini ya betri ukiusogeza kulia na kushoto. iPhone 16 na 16 Plus zina gundi nyingine: unaunganisha betri ya volti 9 kwenye ncha zake kwa sekunde kama 90 na gundi inaachia. Hiyo ni hatua nzuri sana, na inasikitisha kwamba ilichelewa miaka yote hii.

Rudisha gundi mpya ya kuzuia maji pembezoni. Wengi wanairuka kwa sababu mteja haioni. Jasho la daladala na mvua za masika zinaingia, na baada ya wiki mbili kamera ina ukungu.

Kioo na fleksi ya juu

Kosa linaloua Face ID nyingi mezani ni kutupa kioo cha zamani pamoja na fleksi ya spika ya sikio. Kwenye X hadi 12 fleksi hiyo imegandishwa nyuma ya kioo na ina sehemu ya mfumo wa Face ID. Lazima ihamie kwenye kioo kipya ikiwa nzima. Iache ipate joto, iinue kwa plastiki taratibu, wala usiikunje. Ikichanika, kuweka ya simu nyingine kutarudisha spika lakini Face ID haitarudi. Anayebaki ni fundi wa mikroskopu anayeweza kuunga ile ya asili. Kwenye 13 fleksi ilihamia kwenye fremu ya simu, hivyo hatari hiyo imepungua.

True Tone inarudishwa kwa programa: unasoma data za kioo cha zamani kabla hakijafa na kuziandika kwenye kipya. Kioo cha zamani kisiposomeka kabisa, programa nyingine zinaitafuta data hiyo kwa namba ya utambulisho (serial) ya simu. Kuondoa ujumbe wa kioo kwenye 11 na kuendelea ni kuhamisha chipu yenyewe kutoka fleksi ya kioo cha zamani hadi kipya kwa hewa ya moto. Kuna vioo vinavyouzwa bila chipu kwa kazi hiyo. Kwa iPhone 11 yenye thamani ndogo sokoni, gharama na hatari yake hailipi. Mweleze mteja aamue.

Simu inayojizima kila baada ya dakika tatu

Hii inadhaniwa kuwa kufuli, lakini mara nyingi ni kihisi kisichosikika. Ingia Settings, Privacy & Security, Analytics & Improvements, Analytics Data, tafuta faili inayoanza na panic-full. Ndani yake angalia maneno missing sensor. Ukikuta TG0B, data ya betri haifiki: BMS mbovu, fleksi ya tag-on iliyolegea, au pini iliyopinda. Ukikuta prs0 au mic1, tatizo ni sistimu ya chaji ya chini, yaani fleksi ya tundu la chaji, hasa ya kopi. Mic2 inakupeleka kwenye fleksi ya kitufe cha kuwashia. Usibadilishe betri ya tatu kabla ya kusoma faili hilo.

Android kwa ufupi

Tecno, Infinix na itel nyingi hazifungi betri kwa chipu. Linganisha tu kodi (namba ya modeli) iliyoandikwa kwenye betri ya zamani, herufi kwa herufi. Samsung A21s kwa mfano inatumia EB-BA217ABY ya mAh 5000 (mAh ni kipimo cha uwezo wa betri). Betri ya kopi mara nyingi inakosa usomaji sahihi wa joto, ndipo simu inakataa kuchaji haraka. Shida kubwa iko kwenye vioo vyenye kisoma kidole ndani: vinahitaji kupimwa upya baada ya kubadilishwa, na kopi za bei rahisi hazisomi kidole kabisa kwa sababu aina ya kioo si ile.

Kuhusu kununua: neno OG (original) kwenye kibandiko halithibitishi chochote. Linganisha mAh na ya kiwandani, 2942 kwa XR, 3110 kwa 11, 2815 kwa 12. Nyongeza ndogo inawezekana. Betri ya 12 iliyoandikwa 4000 na yenye ukubwa ule ule imeandikwa na mchapaji. Oregon nchini Marekani ilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuzuia kufuli za namna hii, lakini inahusu simu zilizotoka kiwandani kuanzia 2025, hivyo mtumba wa kabla ya hapo ulioko Kariakoo haunufaiki nayo. Andika kwenye risiti aina ya spea uliyoweka, ujumbe utakaotokea, na kazi zilizokuwa hazifanyi kabla, kisha mteja asaini.