Kabla hujaenda Lyme Regis, angalia maji kwanza

Watu wakipanga kwenda Lyme Regis, kale kamji ka baharini huko Dorset, kusini magharibi mwa Uingereza, wanaanza kutafuta hoteli, mi nasema anza na ratiba ya maji kujaa na kupwa ya siku hiyo hiyo unayoenda. Ufukwe wa kuokotea visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, uko chini ya majabali na maji yakijaa yanapiga jabali lenyewe, njia ya kurudi hakuna tena, kwa hiyo toka wakati yanapwa na geuza mapema, na siku za bamvua ndo uwe makini zaidi maana yanapanda juu sana.

Jabali lenyewe pia kaa nalo mbali, ni udongo laini na mvua ikinyesha linaporomoka tu. Mary Anning, binti wa pale pale aliyezaliwa 1799, mwaka 1833 maporomoko yalimuua mbwa wake Tray mbele ya macho yake, yeye akapona padogo sana. Huyu dada ndo ananifanya niupende huu mji jamani, 1811 kaka yake aliona fuvu la mnyama wa ajabu halafu yeye, bado mtoto wa miaka 12 hivi, akaupata mwili wake, ndo ichthyosaur ile, mtambaazi wa baharini wa kale mwenye umbo kama samaki, na 1823 akafukua mifupa kamili ya plesiosaur, mtambaazi mwingine wa baharini mwenye shingo ndefu, ila wasomi wa London walinunua vitu vyake wakaandika makala na mara nyingi hata jina lake hawakulitaja, inauma. Sanamu yake imesimamishwa 2022 tu! Makumbusho ya mji imejengwa pale palipokuwa nyumba yao, pita hapo kwanza uzoeshe macho, na wana matembezi ya kutafuta visukuku ukiwa na mwongozaji, buku mapema.

Nyundo acha nyumbani, amonaiti, visukuku vya viumbe wa baharini wenye gamba, zimelala tu kwenye kokoto zimejikunja kama konokono, na zinaonekana zaidi wakati wa baridi baada ya dhoruba, so beba buti na koti la mvua.

Treni haifiki, reli ya pale ilifungwa 1965, unashukia Axminster unapanda basi, ulizia kabisa basi la mwisho. Na kwenye Cobb, lile gati la mawe lililopinda, vaa viatu visivyoteleza, upande wa baharini hakuna kizuizi chochote, na ukifika hapo tazama ufukwe wa magharibi, ndo aliposhukia Duke wa Monmouth 1685 akija kumpindua baba yake mdogo, Mfalme James II. Chipsi zako zifunike, shakwe wa pale wanakwapua mkononi.