SOMO: advice au advise? affect au effect? Maneno ya Kiingereza yanayokaribiana tahajia

Wakuu, heshima kwenu. Kila nikifungua PM nakuta swali lilelile, kwa hiyo naandika mara moja, atakayeuliza tena nitampa linki. Barua yako ya kuomba kazi inasomwa na mtu asiyekufahamu kabisa. Usikubali herufi moja ikuharibie.

Hatua ya 1. Jiulize neno lako ni nomino au kitenzi.

Hatua ya 2. Litamke, usikilize mwisho wake. Advice ni nomino, inaishia s ya sisi. Advise ni kitenzi, inaishia z ya zawadi. Device na devise vivyo hivyo. Breath, pumzi, ina th ya thamani. Breathe, kupumua, ina dh ya dhahabu. Belief f, believe v. Loss ni hasara, s. Lose ni kupoteza, z. Waliosoma fonolojia wameshaelewa: nomino huishia sauti sighuna (koo halitetemeki), kitenzi huishia ghuna (koo hutetemeka). Sauti zote hizi tunazo kwenye Kiswahili, kwa hiyo sikio lako linatosha. Loose yenye o mbili ni kivumishi, kulegea. Nafasi ya kazi hailegezwi, inapotezwa: andika lose.

Hatua ya 3. Practice na practise, licence na license hutamkwa sawa, sikio halisaidii. Fuata advice: c nomino, s kitenzi. Huo ni mtindo wa Uingereza, ndio tunaofundishwa shuleni. Wamarekani huandika practice na license kotekote. Shika upande mmoja.

Hatua ya 4. Hapa tulieni. Affect kwa kawaida ni kitenzi, kuathiri: "The drought affected the harvest." Effect ni nomino, athari: "the effect of the drought." Wengi wanakariri hivyo na kufunga daftari, na hapo ndipo wanapoumia, maana effect nayo ni kitenzi: kutekeleza, kufanya jambo litokee. Barua za ofisini zimejaa "please effect payment", yaani lipeni. Aliyekariri kwamba kitenzi ni affect "atairekebisha" iwe "affect payment", na hapo barua inaomba malipo yavurugwe. ONYO: kabla hujagusa neno hilo, jiulize mwandishi anasema kutekeleza au kuathiri. ONYO la pili: msitegemee mstari mwekundu wa kompyuta. Maneno yote mawili yamo kwenye kamusi, mara nyingi yatapita kimya.

Hatua ya 5. Haya kariri tu. Principal: mkuu wa chuo, au kiasi cha mkopo bila riba. Principle: kanuni. Personal: binafsi. Personnel: wafanyakazi. Compliment: sifa unayompa mtu. Complement: kinachokamilisha kingine.

MASWALI

Mtoto_wa_Pwani: Mkuu sijasoma yote, nina haraka. "Thanks for your advise" ni sawa?
Jibu: Hatua ya 2.

Mtoto_wa_Pwani: Si ungesema tu ndiyo au hapana?
Jibu: Hapana, si sawa. Na kesho utakutana na device, utarudi tena. Soma, ni dakika mbili.

Kalamu Nyekundu: Umesema affect ni kitenzi. Mbona kwenye vitabu vya saikolojia naiona kama nomino?
Jibu: Nimeandika "kwa kawaida", nililipima neno hilo. Kwenye saikolojia affect ni hisia jinsi zinavyoonekana kwa mtu, na mkazo huhamia silabi ya kwanza. Nje ya fani hiyo huihitaji.

Bi Msomi: Shikamoo mwalimu. Stationary na stationery zina undugu, au zimefanana kwa bahati tu?
Jibu: Marahaba dada, swali zuri sana. Ni ndugu wa damu. Zamani huko Ulaya wauzaji wengi walitembeza bidhaa. Muuza vitabu mwenye kibanda cha kudumu aliitwa stationer, yaani aliyetulia mahali pamoja. London wana chama chao kilichopewa hati ya kifalme mwaka 1557. Bidhaa zake ndizo stationery, yenye e kama envelope. Yenye a ni kusimama pasipo kusogea. Maduka yetu ya daftari na kalamu mengi yana a kwenye bango, ukipita angalia.

Fundi Bango: Mimi ndiye ninayeandika hayo mabango! Mteja akileta karatasi yenye a nifanyeje?
Jibu: Mwoneshe kamusi kabla hujafungua rangi, kaka. Akikataa, mwambie aandike "Duka la Vifaa vya Shule na Ofisi". Hilo halikosewi.

Kalamu Nyekundu: Nyongeza: kwenye Word bonyeza Ctrl+F, tafuta "advis", "effect" na "loose" kabla ya kutuma. Nafanya hivyo kwa kila ripoti.
Jibu: Ongeza "princip" na "personal". Asante mkuu.