Somo: Kubuni grili ya spika ya nje ya gari isiyonyonga sauti wala kutuamisha maji

Grili (kifuniko chenye matundu mbele ya spika) nyingi za spika za nje huanza na swali la ugumu: bati gani litahimili jiwe? Hilo lijibiwe mwisho. Anza na sauti itapitaje na maji yatatokaje, kwa sababu spika ya nje huuawa mara nyingi zaidi na maji yaliyokwama nyuma ya grili kuliko na jiwe.

Mfano wetu ni spika ya inchi 6.5 iliyofungwa kwenye bodi ya gari, ikitazama nje.

Hatua ya 1: Nafasi kati ya koni na grili

Laza rula juu ya fremu ya spika upime raba inayozunguka koni (sehemu inayotetemeka kutoa sauti) imechomoza kiasi gani. Tuseme mm 5. Kisha tafuta kwenye vipimo vya mtengenezaji mwisho wa mwendo wa koni kwenda mbele. Tuseme mm 8. Jumla ni 13. Ongeza mm 3 za grili kubonyea ikisukumwa kwa kiganja, na mm 2 za tahadhari: nafasi ni mm 18 kutoka fremu hadi bati.

Wengi hukosea hapa kwa kutegemea grili yenye mgongo. Mgongo huinuka katikati, lakini raba ipo pembeni, mahali ambapo bati bado liko chini. Pima nafasi hiyo mahali raba ilipo. Ikipungua, inua grili yote kwa ringi ya kunyanyulia badala ya kuongeza mgongo.

Hatua ya 2: Matundu

Matundu ya duara yapangwe kwa kupishana, kila tundu likizungukwa na mengine sita. Asilimia ya uwazi hupatikana hivi: gawanya kipenyo cha tundu kwa umbali wa kati hadi kati ya matundu, zidisha jibu kwa lenyewe, kisha zidisha kwa 90.7.

Tundu la mm 3 kwa umbali wa mm 4 linatoa asilimia 51. Umbali ukiwa mm 5, uwazi unashuka hadi asilimia 33 hivi, na sauti nyembamba zinaanza kufifia. Mimi sishuki chini ya 45.

Sasa kumbuka rangi. Rangi ya unga yenye unene wa maikroni 75 (mm 0.075) huingia hadi kwenye kuta za tundu, kwa hiyo tundu la mm 3 linabaki mm 2.85 na uwazi unakuwa asilimia 46. Fanya hesabu kwa tundu lililokwisha kupakwa rangi.

Matundu ya mm 2 na chini ya hapo usiyatumie nje. Maji hutanda ndani yake kama utando na hayadondoki, na spika inasikika imezibwa hadi ikauke. Kwa spika iliyo chini, karibu na gurudumu, tumia tundu la mm 5 kwa umbali wa mm 6.5 (asilimia 54), kwani tope huziba matundu madogo mapema.

Hatua ya 3: Bati

Stenlesi ya 316 ndiyo ya kuchagua kwenye chumvi, iwe ya bahari au ya kuyeyusha barafu barabarani. 304 inatosha kwingine. Unene wa mm 1 hadi 1.2 unafaa kwa kipenyo hiki. Bati nene kuliko kipenyo cha tundu ni gumu kutobolewa kwa kubonyeza, na matundu yake yanakuwa vijibomba vinavyopunguza sauti nyembamba. Ukitaka ugumu zaidi, lipe bati mgongo wa mm 6 kabla hujafikiria kuongeza unene.

Aluminiamu ya mm 1.5 ni nyepesi na haina shida, ila chunga ndoa ya metali. Bolti ndogo za stenlesi kwenye bati kubwa la aluminiamu zinavumilika ukitia washa za nailoni na grisi. Kinyume chake, ribiti za aluminiamu kwenye bati la stenlesi, ni kosa: ribiti ndogo inaliwa haraka kwa sababu imezungukwa na eneo kubwa la stenlesi, na grili inang'oka.

Kingo zote zikunjwe au zizungushwe. Kanuni Na. 26 ya UNECE (tume ya uchumi ya Umoja wa Mataifa kwa Ulaya), inayohusu magari ya abiria, inataka sehemu zinazochomoza nje ziwe na mviringo wa nusukipenyo kisichopungua mm 2.5.

Hatua ya 4: Gasketi mbili, kazi mbili

Gasketi kati ya spika na bodi izibe mzunguko mzima bila pengo. Gasketi kati ya grili na fremu, sponji ya EPDM (aina ya raba) ya mm 3 inayobanwa hadi mm 2, kazi yake ni kuzuia mtetemo tu. Hii ya pili ikate pengo la mm 20 sehemu ya chini kabisa, la sivyo inakuwa bwawa na raba ya koni inashinda majini. Kwenye ringi, hapohapo chini, toboa matundu mawili ya mm 8.

Hatua ya 5: Kufunga na kujaribu

Bolti sita za M4 zinatosha, na nati zenye nailoni ndani. Toboa kila kitu spika ikiwa mbali: vumbi la chuma hufuata sumaku, na likiingia kwenye koili halitoki.

Piga toni inayopanda polepole kutoka hezi 40 hadi 1000, usikilize kama bati linalia. Kisha mwaga lita moja ya maji juu ya grili. Baada ya dakika moja angalia kwa tochi kama kuna dimbwi.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, bolti zimekaza lakini kuna mlio wa bati karibu na hezi 120. Tatizo ni nini?

Jibu: Simamisha toni hapohapo na ubonyeze grili kwa kidole sehemu moja baada ya nyingine. Mlio ukinyamaza, ndipo bati lisipogusa gasketi. Mara nyingi bolti zimekazwa kwa kufuatana duara, bati likapinda. Zilegeze zote, kaza kwa kukabiliana. Ukibonyeza katikati ndipo unyamaze, bati lenyewe ni laini: lipe mgongo.

Swali: Grili hii inaipa spika IP66, ile namba ya kuzuia vumbi na maji?

Jibu: Hapana, mkuu. Namba hiyo ni ya spika nzima ikiwa imefungwa, na hupatikana kwa kupimwa. Ujue pia kwamba 6 ya pili ni mpira wa maji wa mdomo mm 12.5 unaotoa lita 100 kwa dakika. Mashine ya kuoshea magari kwa presha ni jambo jingine. Kipimo cha IP6K9K, kwenye ISO 20653 (kiwango cha kimataifa cha magari), hutumia bar 80 hadi 100 na maji ya nyuzi 80, kwa umbali wa mm 100 hadi 150. Kama gari litaoshwa hivyo, weka bati la pili mm 5 nyuma ya la kwanza, matundu yakipishana, ili maji yasiipige koni moja kwa moja. Utapoteza kiasi cha sauti nyembamba, na nafasi ya hatua ya 1 ipimwe kutoka bati la ndani.

Swali: Naweza kutia kitambaa nyuma kuzuia vumbi?

Jibu: Kiwe wavu wa poliesta usionyonya maji, ugundishwe kingo tu na usiguse bati. Wavu ukigusa bati, maji hushikana kati yao, na yanachelewa kukauka.

Swali: Fundi, nikichapisha grili ya plastiki kwa printa ya 3D?

Jibu: Inategemea aina ya plastiki. PLA acha, inalainika kwenye nyuzi 60 hivi na bodi nyeusi juani hufika huko. ABS inastahimili joto lakini jua huipauza na kuifanya ivunjike. Tumia ASA, unene mm 3, matundu ya pembe sita. Na gundi ya kufunga nyuzi za bolti usiipake karibu na plastiki hizi, hupasuka. Tumia nati zenye nailoni ndani.