Vidukari sufi kwenye mitufaha: kagua kabla ya kubeba bomba

Mkulima wa Makete, Njombe au Lushoto anayelima Anna na Dorsett Golden, aina mbili za tufaha, kwa biashara atakutana na vidukari sufi, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, apende asipende. Hujificha chini ya nta nyeupe yenye nyuzinyuzi, hasa kwenye makovu ya kupogolea, kwenye nyufa za gome, kwenye makwapa ya majani ya matawi machanga na kwenye maotea ya chini ya shina. Bonyeza nta hiyo kwa kidole gumba: ukiona maji mekundu yanayoelekea hudhurungi, ndio wenyewe. Mahali wanapofyonza gome huvimba vinundu, vinundu hupasuka, na kwenye mipasuko hiyo huingia ukungu. Majike huzaa bila dume, kwa hiyo kundi dogo lililosahauliwa huenea haraka.

Kagua kila baada ya wiki mbili. Kwenye ekari moja, pita kwa mwendo wa kona kona na uchague miti 20, isiwe ya pembeni tu. Kila mti, angalia matawi machanga matano, makovu ya kupogolea na sentimita 30 za chini za shina. Andika miti mingapi ina makundi hai na iko wapi. Daftari hili ndilo litakalokuonyesha kama tatizo linapanda au linashuka. Macho peke yake hudanganya, kwa kuwa nta hubaki kwenye gome hata baada ya vidukari kufa.

Sasa sogea karibu, ikiwezekana na lenzi ya mkononi, upekue nta. Kidukari hai ni cha zambarau iliyoiva na hutikisika. Ukikuta vilivyokauka, vyeusi, vyenye tundu la mviringo mgongoni, hiyo ni kazi ya nyigu mdogo aitwaye Aphelinus mali. Nyigu huyu hutaga ndani ya kidukari, na mtoto wake humla kutoka ndani. Vyeusi vikifika karibu nusu ya kundi, usipulizie. Rudi baada ya wiki mbili. Wengi hupulizia papo hapo dawa za jamii ya pairethroidi, nta huwakinga vidukari, nyigu wanakufa, na mwezi unaofuata shamba linakuwa jeupe kuliko mwanzo. Msimu wa baridi nyigu hufanya kazi polepole, kwa hiyo wakati huo usitarajie miujiza.

Matawi yenye vidukari vyeusi usiyachome moto. Yaweke kwenye ndoo kavu, ndoo uisimamishe ndani ya beseni la maji ya sabuni, chini ya mti wenye makundi hai. Nyigu wataruka na kutoka. Vidukari vikitembea vitaishia majini. Baada ya wiki tatu, fukia mabaki.

Chunguza pia sisimizi wanaopanda shina. Hufuata utamu unaotolewa na vidukari na huwasumbua nyigu. Funga ukanda wa plastiki kuzunguka shina na upake grisi juu ya plastiki, kamwe si juu ya gome lenyewe. Nyasi ndefu na maotea yanayogusa matawi yakatwe, vinginevyo umewajengea daraja.

Mizizi ni habari nyingine. Mti unaodumaa bila sababu, fukua sentimita 10 hadi 15 kwenye shingo ya mizizi utafute vinundu na nta. Miche iliyobebeshwa juu ya vishina vya mizizi vya aina ya M9 au M26 hushambuliwa. MM106 na MM111 zina ukinzani. Lakini ukinzani huo unapotea ukifukia kiungo cha kubebeshea kwa udongo au matandazo, maana Anna ya juu hutoa mizizi yake, na hiyo haina ukinzani wowote. Kiungo kibaki walau sentimita 10 juu ya ardhi. MM106 nayo haipendi maji yanayotuama: shingo huoza, kwa hiyo kwenye udongo mzito panda juu ya tuta.

Wakati mzuri wa kusafisha ni baada ya mavuno. Kwenye nyanda zetu, baridi haitoshi kuangusha majani yote yenyewe, kwa hiyo yapukutishe kwa mkono wiki tatu au nne baada ya kuvuna, bila kung'oa machipukizi. Pogolea, toa maotea, sugua makovu kwa brashi ngumu na maji ya sabuni. Kisha, kabla machipukizi hayajafunguka, pulizia mafuta ya madini yaliyosajiliwa kwa mitufaha kwa asilimia 2, yaani mililita 400 kwenye bomba la lita 20. Fuata lebo ikielekeza tofauti. Lowesha gome mpaka litiririke. Ukungu mwembamba wa dawa haupenyi nta. Usipulizie juani, wala kwenye mti wenye kiu.

Mti ukiwa na majani na matunda, shughulikia makundi yenyewe tu: kata tawi, au sugua. Imidakloprid, dawa ya wadudu inayosambaa ndani ya mti, huingia kwenye chavua na nekta, na Anna inahitaji nyuki walete chavua ya Dorsett Golden, kwa hiyo iache mbali na maua. Punguza samadi na urea kwa miti inayotoa matawi laini yanayosimama wima. Hayo ndiyo hushambuliwa kwanza.

Salfa ya ubwiri unga isikaribiane na mafuta: acha siku 14 kati yao, la sivyo majani yataungua na matunda kubaki na ngozi ya kukwaruza. Joto likipita nyuzi 30, iahirishe.

Wakati wa kuvuna, geuza matunda machache na utazame kitakoni. Ukikuta nta imejificha kwenye kishimo hicho, tenga matunda ya miti hiyo kabla hayajachanganyika kwenye kreti za mnunuzi.