Jinsi ya kutembea kwenye theluji na barafu kwa njumu na kramponi

Wengi niliowaona wakiteleza mlimani walikuwa na njumu zao, yaani meno ya chuma ya kuvalia chini ya buti, ila zilikuwa ndani ya begi. Ndiyo maana nasisitiza: vaa mapema, ukiwa bado umesimama mahali tambarare.

1. Chagua kulingana na njia. Kwa njia ya kawaida yenye theluji iliyoshindiliwa au barafu, njumu za mnyororo zinatosha: mpira unaouvuta juu ya buti, na chini ya soli minyororo yenye meno ya kama sentimita 1. Mteremko ukiwa mkali, pale ambapo kuteleza ni kuporomoka hadi chini, vaa kramponi, yaani fremu ngumu zinazofungwa chini ya buti kwa mikanda, zenye meno 10 au 12 marefu, ubebe na shoka la barafu ulilokwisha kufundishwa kulitumia. Theluji laini inayokuzamisha hadi magotini inataka viatu vipana vya theluji.

2. Zijaribu nyumbani. Kwa kramponi, rekebisha upau wa katikati ulingane na buti. Kabla ya kufunga mikanda, nyanyua buti na ulitikise kidogo; kramponi ikidondoka, bado haijakaa. Buti laini linalokunjika lisivalishwe kramponi ngumu. Kisha rudia kufunga ukiwa na glavu mikononi, maana huko juu vidole hufa ganzi.

3. Vaa. Kung'uta theluji kwenye soli. Bizimu zikae upande wa nje wa mguu, na ncha za mikanda uzichomeke zisining'inie. Baada ya dakika 10 za kutembea, simama ukaze tena.

4. Tembea kwa miguu iliyoachana. Hapa ndipo penye kazi. Nyanyua mguu juu kuliko kawaida, ukanyage kwa soli nzima ili meno yote yaume kwa pamoja. Utasikia mkwaruzo mfupi, mkavu. Ukikata ubavu wa mlima, mwili utataka kukanyagia ukingo wa buti. Usiufuate: pinda kifundo cha mguu hadi soli ilale sawa na mteremko. Ukishuka, kunja magoti na uzito ubaki juu ya miguu. Ukiegemea nyuma kwa woga, meno huachia.

Mara moja jino la mguu wangu wa kulia lilinasa pindo la suruali upande wa kushoto, nikaanguka kifudifudi. Tangu siku hiyo sianzi safari kabla ya kubana mapindo.

5. Angalia madonge. Theluji yenye unyevu hujikusanya katikati ya meno. Hatua chache tu, na unajikuta umesimama juu ya donge gumu, chuma hakigusi chochote. Gonga ubavu wa buti kwa mpini wa shoka, tena na tena. Vibamba vya plastiki chini ya kramponi hupunguza tatizo hili.

Na kamwe usiserereke kwa makalio ukiwa umezivaa. Jino moja likinasa, mguu unavunjika.

6. Ukirudi, zikaushe zisishike kutu. Meno yakiwa butu, yanoe kwa tupa ya mkono. Joto la mashine ya kunolea hulainisha chuma.