Kuuguza Kidonda cha Mguu kwa Mwenye Kisukari

Mwenye kisukari anaweza kukanyaga msumari asubuhi na kuugundua jioni anapovua kiatu, kwa sababu sukari iliyopanda kwa miaka imeharibu mishipa ya fahamu ya nyayo. Kwa kuwa kidonda chake hakimuumi, hukikanyaga. Na mimi ninayevifunga vidonda hivi kila siku naona kukanyagwa huko ndiko kunakochelewesha kupona kuliko upungufu wa dawa.

Hatua ya kwanza ni kukagua mguu wote penye mwanga, pamoja na katikati ya vidole. Uvimbe au joto linalosambaa, usaha, harufu mbaya, homa, mguu wa baridi au ngozi iliyogeuka nyeusi humpeleka mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo, hata kama anasema hasikii maumivu.

Pili, nawa mikono, mwagia kidonda maji ya chumvi yaliyotakaswa, kausha taratibu, kisha ufunike kwa shashi safi isiyobana. Usiuloweke mguu, wala usitumie spiriti.

Tatu, itazame sugu. Mara nyingi huwa chini ya kidole gumba, ngumu na ya manjano, na ikiwa na doa jeusi katikati, doa hilo ni damu iliyovia. Mtaalamu anapoichonga hukuta shimo lenye majimaji ambalo hakuna aliyejua kuwa lipo. Tafadhali usiichonge nyumbani kwa wembe.

Nne, na hapa ndipo nawasihi wauguzaji wasilegeze, uondolee mguu uzito. Daktari akishapima mtiririko wa damu, anaweza kuufunga kwa plasta ngumu inayofika chini ya goti, au kumpa mgonjwa kiatu maalumu na magongo. Hatua chache za kwenda msalani bila kiatu hicho hukiumiza kidonda upya.

Antibiotiki ni za kidonda chenye maambukizi tu, ilhali sukari lazima idhibitiwe wakati wote.

Pima urefu na upana kwa rula kila wiki. Eneo lisipopungua kwa nusu ndani ya wiki 4, mrudishe mgonjwa akaguliwe mishipa ya damu na mfupa.

Kidonda kikifunga, bado takriban wagonjwa 40 kati ya 100 hupata kingine ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo ukaguzi wa kila siku unaendelea, na kabla ya kuvaa kiatu, mkono hutangulia kuingia ndani kutafuta kijiwe.