Jini Awe Shahidi, Asiwe Muuaji: Jinsi ya Kuandika Riwaya ya Kutisha Yenye Upelelezi Ndani

Naandika hadithi za mfululizo zinazosomwa kwenye simu, kipande kwa kipande, msomaji akilipa kwanza. Wasomaji wa aina hii hawana subira wala huruma. Hadithi yangu ya kwanza ya muuaji wa mfululizo ilifika sehemu ya 38 nami sijui muuaji ni nani. Nikaona nimtwishe jini mzigo wote: kumbe ndiye aliyewamaliza wale sita! Usiku ule simu haikupoa. Mmoja aliniandikia: "Dada, kama ni jini, yule inspekta alikuwa anapima nyayo za nini?"

Sikuwa na jibu. Hatua zifuatazo nimezipata kwa aibu ile.

Hatua ya 1: Fungua daftari la maiti

Kabla hujaandika hata sentensi moja, chora safu tatu: nani amekufa, mkono gani umemuua, na watu wanasema ameuawa na nini. Kila maiti ajaziwe safu zote. Utisho wa hadithi unakaa kwenye nafasi iliyo kati ya safu ya pili na ya tatu, wala si kwenye damu.

Historia yetu imeshawahi kuandika daftari hilo. Miaka ya 1940 huko Singida, watu waliuawa na miili ikakutwa imeraruliwa kama kwa kucha za simba. Minong'ono ilikuwa ya simba-watu, binadamu waliogeuzwa au kutumwa kuua. Serikali ya kikoloni nayo ikawafikisha watu mahakamani kwa kosa la mauaji. Safu ya tatu inasema simba, ya pili inasema binadamu, na msomaji anabaki katikati anasikiliza nje kama kuna kinachokwaruza mlango.

Hatua ya 2: Mpate muuaji anayefunguliwa mlango

Acha mgeni mwenye kovu usoni. Tafuta mtu ambaye mji mzima unamwita, tena kwa heshima. Nitatumia hadithi ninayoiandika sasa, iliyopo Pangani. Muuaji wangu ni Bi Salma, mwosha maiti wa kike, umri wa miaka hamsini, mcheshi, na ndiye mweka hazina wa kikoba.

Angalia kazi hiyo inavyomsaidia. Kwa Waislamu maiti hacheleweshwi; mara nyingi huzikwa siku ileile. Mwanamke huoshwa na wanawake. Kwa hiyo Bi Salma akishaua, anaitwa yeye mwenyewe kuja kuosha. Alama kwenye mwili anaziona yeye, na asipozisema hakuna wa kuzisema. Inspekta anapoanza kushuku kifo cha tatu, wawili wa kwanza wamo kaburini, na kuwafukua kunahitaji amri ya mahakama. Fikiria inspekta huyo akimwendea mume aliyefiwa kumwambia anataka kulifukua kaburi la mkewe. Sura hiyo peke yake inatisha kuliko mzuka.

Sababu? Wa kwanza aliomba kuonyeshwa daftari la fedha za kikoba. Wa pili alikufa kwa kuwa wa kwanza alikuwa rahisi. Kuanzia wa tatu sikueleza sana.

Hatua ya 3: Mpandishe jini kizimbani

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapoharibu. Wanamleta jini anamtaja muuaji, hadithi imekwisha. Au wanamleta anapiga mayowe, anaondoka, hakuacha kitu.

Nenda kwenye uganga wenyewe ukaone unavyofanya kazi. Pepo akimpanda kiti wake, yaani mtu anayesema kupitia kwake, haachwi aropoke tu. Anaulizwa: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Naye ana matakwa yake. Kibuki, aina ya pepo wa Unguja, hutaka brandi. Mwingine atadai chano cha vyakula, ngoma au ubani. Maana yake ni kwamba pepo ni shahidi mwenye maslahi. Halafu muulize sheikh yeyote kuhusu sauti inayodai ni ya marehemu: atakwambia aliyekufa harudi, huyo ni jini anayemwiga. Basi una shahidi anayejua mengi, anayetaka kulipwa, na anayeweza kuwa mwongo hata wa jina lake. Mwandishi wa hadithi za upelelezi atake nini tena?

Katika Pangani yangu, msichana Zuhura anapandwa. Sauti inasema ni ya marehemu wa pili, na inatoa neno moja:

*"Mkono ulioniziba pumzi ulinuka karafuu."*

Mji mzima unamkimbilia mfanyabiashara wa karafuu aliyehamia kutoka Pemba. Msomaji naye anakimbia nao. Sehemu kumi baadaye, inspekta amesimama kwenye chumba cha kuoshea maiti, anauliza kile cheupe kwenye kikopo ni nini. Anajibiwa: karafuu maiti.

Jini hakudanganya. Alibania neno la pili kwa sababu chano chake kilikuwa hakijaletwa. Kila kauli ya jini ipime hivyo: iwe kweli ambayo ikisikika haraka inapotosha. Ukimpa uongo mtupu, msomaji atahisi umemchezea. Na kinywani mwake weka kauli tatu tu kwa riwaya nzima. Akizidisha anakuwa mtangazaji wa redio.

Hatua ya 4: Andika hofu ya watu, kwa tahadhari

Mwaka 1995 hofu ya popobawa, jini anayesemekana kuwavamia watu usingizini, ilipoingia Pemba kisha Unguja, watu walitoka majumbani wakalala nje kwa makundi, moto umewashwa. Chukua picha hiyo: baba mwenye nyumba ya mawe na makufuli matatu, amelala kwenye mkeka barabarani kwa sababu ndani ndiko kubaya. Huhitaji kumchora popobawa.

Ila mchawi wako asiwe bibi kizee mwenye macho mekundu. Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa macho hayo, na mengi yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Hiyo si chumvi ya hadithi. Hofu ikitaka kumla mtu asiye na hatia, ionyeshe inavyomla. Mfanyabiashara wangu wa karafuu anavunjwa mkono na vijana anaowakopesha kila siku, na mmoja wao ndiye anayempeleka hospitali.

Hatua ya 5: Kila neno la jini lipatikane tena kwa njia nyingine

Jalada la polisi halina nafasi ya kuandika jina la pepo. Inspekta akitoka kwa mganga na fununu, aipate upya mchana, kwa mtu mwenye kitambulisho. Kwangu aliipata dukani, kwenye daftari la mikopo: bafta ya sanda, Jumanne. Marehemu alikufa Jumatano alfajiri.

Dalili hiyo niliiweka sehemu ya 6, Bi Salma akinunua bafta huku anabishania bei, watu wanacheka. Hakuna aliyeistukia. Ifiche dalili ndani ya kichekesho. Msomaji anayecheka hahesabu siku.

Hatua ya 6: Tisha kwa kitu kimoja

Kwato za punda tumezichoka. Mtoto wa miaka saba anajua yule mrembo wa njia panda atakuwa na kwato. Weka kitu kimoja kisicho mahali pake, kisha nyamaza:

*Zuhura alirudi kutoka msibani saa mbili usiku. Ndani kulikuwa na harufu ya udi. Chetezo kilikuwa juu ya kabati, kimefunikwa, na jivu lake la wiki iliyopita lilikuwa baridi. Kitandani, mto wake ulikuwa na maji.*

Sentensi fupi, hakuna "ghafla", hakuna "nywele zilimsisimka". Isome kwa sauti usiku. Ukijikuta umegeuka nyuma, iache ilivyo.

Hatua ya 7: Rudi kwenye daftari

Hadithi ikikamilika, kagua safu ya pili. Maiti wote wawe na mkono, isipokuwa mmoja. Kwangu ni wa tano. Usiku ule Bi Salma alikuwa ameshalala mahabusu siku mbili, na daftari la dukani lina mstari mpya: bafta, imechukuliwa kwa jina lake. Mwenye duka anaapa ni yeye aliyekuja, na alibishania bei.

Wasomaji bado wananiuliza habari za mstari huo. Wengine wameahidi kulipa mara mbili. Nimewaambia wamuulize mwenye duka.